"Ajali Haina Kinga" ni Uvivu wa Kufikiri

Hakuna usemi unaonichosha kama huu wa "ajali haina kinga." Basi likipinduka na watu wakafa, tutausikia msibani, tutausikia kwa dereva, na msafiri wa kesho ataubeba kama hirizi. Nina miaka sabini na ushei. Nimefundisha fizikia, nimekuwa mwalimu mkuu, na nimewafunza walimu wenyewe katika chuo cha ualimu. Nasema bila kuuma maneno: wengi wa marehemu hao waliuawa na jambo ambalo liko katika vitabu vya shule.

Jambo lenyewe ni inesha. Kitu kilichotulia hung'ang'ania kutulia, na kilicho mwendoni hung'ang'ania mwendo wake, mpaka kani kutoka nje iingilie kati. Newton aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1687, na Galileo alikuwa amekwisha kuukaribia ukweli huo kabla yake. Watoto wetu huikariri kwa sauti moja kama kwaya, hupata alama zote, kisha hupanda gari na kuukalia mkanda. Kuukalia! Waulize kwa nini abiria hurushwa mbele gari linapofunga breki. Watakwambia ipo nguvu iliyomsukuma. Haipo. Gari limesimamishwa, yeye bado.

Tupige hesabu ndogo. Mama amempakata mtoto wa kilo 10 katika kiti cha mbele. Gari linakwenda kilometa 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Linagonga mti na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde. Zidisha tungamo kwa mchapuko (hapa ni wa kupunguza mwendo): kani ya kumzuia mtoto ni kama niutoni 1,400. Ni sawa na kudaka ghafla mzigo wa kilo 140, yaani gunia la mahindi la kilo 100 na karibu nusu ya lingine. Mapenzi ya mama siyatilii shaka. Mikono ndiyo haitoshi.

Kisha wapo madereva. Ukiongeza mwendo mara mbili, breki zilezile zitahitaji umbali mara nne kulisimamisha gari, maana nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo huo. Na kila kilo ya shehena inadai kani yake. Mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, haubishani na mtu aliyejaza lori kupita kiasi, kisha akatoa gia ili aokoe mafuta. Breki hubebeshwa kazi yote, hupata moto, huacha kushika. Kesho yake tunaambiwa "breki zilikataa." Zilikataa nini? Zilidaiwa zisichokuwa nacho.

Watakuwapo wa kusema kwamba siku ikifika imefika. Anayeamini hivyo, mbona hutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara?

Walimu wenzangu, acheni kuwaimbisha watoto. Wekeni jiwe juu ya mkokoteni, usukumeni, uzuieni ghafla kwa gogo, waone jiwe linakokwenda. Hapo hakuna kisingizio cha kukosa maabara. Na mtihani uulize juu ya yule mtoto wa kilo 10, si mwaka aliozaliwa Newton.