Barua ya tajiri

Ukitoka Matogoro kushuka mahakamani Songea mjini, barua ya tabia njema unaweza kuipata steshenari. Ipo tayari kwenye kompyuta, kinachobadilishwa ni jina tu. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Namtambua mtajwa kuwa ni kijana mwadilifu, mchapakazi na mwenye ushirikiano mzuri na jamii." Sahihi, muhuri, kwisha. Hakimu ameshaisoma mara ngapi?

Tunasema na matajiri wenye mashine za kusaga, maduka ya pembejeo, bodaboda na mashamba ya mahindi. Kijana wenu akitiwa hatiani, ndugu zake huja jioni kuomba barua. Msiwape karatasi tupu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama, kabla ya kutoa adhabu, kupokea ushahidi wa kuisaidia kuona adhabu gani inafaa. Hapo ndipo neno la mwajiri lina uzito, lakini liwe neno lake kweli. Tuseme kijana wa mashine amekiri kumpiga mwenzake kilabuni. Tajiri wake angeweza kuandika hivi: "Nimemwajiri tangu 2019. Anafungua mashine saa 12 asubuhi, anashika fedha za siku, na hajaniletea hesabu pungufu. Najua kosa alilolikiri, alinieleza mwenyewe. Asipofungwa, kazi yake ipo."

Basi. Hakuna "mwadilifu" wala "mchapakazi", na bado mtu anaonekana.

Sentensi ya kosa wengi huikwepa kwa aibu, nayo ndiyo inayoipa barua nguvu: anayemsifia mtu bila kujua ameshtakiwa nini hajasema kitu. Ile ya mwisho nayo ni dhahabu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inampa hakimu njia ya kumtumikisha mkosaji kazi za umma bila malipo badala ya kumpeleka gerezani, pale kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Mwenye kazi inayomngoja ni rahisi kumwamini kwamba hatatoroka.

Usiandike kwamba hakufanya. Hilo limeshaamuliwa, na wewe kilabuni hukuwapo. Kesi ikiwa bado inasikilizwa, usikimbilie sifa kabla wakili hajaulizwa: mshtakiwa akileta ushahidi wa tabia yake njema, upande wa mashtaka nao unapata ruhusa ya kuleta wa tabia yake mbaya. Kama kuna kesi ya zamani Mbinga au Tunduru, itafufuka.

Kiingereza cha kuazima nacho cha nini? Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Andika unavyosema.

Na kama huna jema la kusema, kataa kiungwana. Mama wa kijana atalia sebuleni kwako, utamwonea huruma, lakini barua ya uongo ikihojiwa mahakamani itamwangusha mwanawe mbele ya hakimu, nawe pamoja naye.

Ukikubali, weka jina lako kamili na namba ya simu unayoipokea. Siku ya adhabu funga mashine asubuhi ile, uende ukakae benchi la nyuma. Hakimu akiuliza mwandishi wa barua yuko wapi, usimame.