Majina ya Vyuo Vyetu Yasiwe Fumbo

Jina la chuo ni mali ya umma. Huandikwa juu ya cheti, cheti huwekwa katika faili, na kwa faili hilo mtu huajiriwa, hupandishwa cheo au hunyimwa. Kwa hiyo wenye kukipa chuo jina hawana ruhusa ya kufanya wapendavyo, kama mtu ampaye jina mbuzi wake. Lakini tukiyatazama majina ya vyuo vyetu leo, tunaona mkanganyiko ambao umeachwa ukue kwa muda mrefu pasipo kukemewa.

Tuanze na herufi nne: MUST. Kwa Mtanzania, hizo ni herufi za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kwa Mganda ni za chuo kikuu cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Mkenya atasema ni chuo kikuu cha Meru, na Mmalawi naye anacho cha kwake chenye herufi hizo hizo. Nchi nne, vyuo vikuu vinne, vyote vya sayansi na teknolojia, na kifupi kimoja! Tatu kati ya nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Itifaki yake ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010 ili wafanyakazi waweze kuvuka mipaka kutafuta kazi. Je, ofisa utumishi apokeaye barua ya maombi yenye herufi hizo nne peke yake aelekeze wapi swali lake?

Tusidhani kwamba ubaya huu uko mipakani tu. Hapa nchini SJUT ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoko Dodoma. SJUIT ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, cha Dar es Salaam. Watakatifu wawili, miji miwili, na kinachowatenga ni herufi moja nyembamba kuliko zote. Zanzibar kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar, cha binafsi, kilichoanzishwa mwaka 1998. Na kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, cha Serikali, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Vyote viwili vina majengo Tunguu. Morogoro na Tabora kuna Vyuo vya Ardhi, na Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu Ardhi. Karani akisahau neno "kikuu", amekwisha kumshusha mtu daraja.

Hakuna ubaya wowote katika vyuo hivyo vyenyewe. Kila kimoja kina kazi yake na walimu wake wenye heshima. Kosa liko katika mtindo wa kutoa majina, na mtindo huo haukuwa wetu tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa mwaka 1970, vilizaliwa vyuo vikuu vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kila kimoja kilijulikana kwa mahali pake, na hakuna mzee wa kijijini aliyepata kuvichanganya. Ndivyo tulivyozoea kusema Mzumbe, Muhimbili na Mweka. Ndivyo walimu wasemavyo hadi leo Butimba, Korogwe, Marangu na Patandi. Mwalimu akisema "nilisoma Patandi", amemaliza maneno yote.

Baadaye tulipatwa na kasumba ya kuamini kwamba chuo hakiwi chuo mpaka kiwe na jina refu la Kiingereza, kisha jina hilo likatwekatwe libaki herufi. Katika kukatakata huko, kitu cha kwanza kumezwa ni jina la mahali. Mbeya, Mbarara, Meru na Malawi zote zimegeuka kuwa M. Lakini kwa Kiswahili, mtu asemapo chuo kikuu cha Mbeya au chuo kikuu cha Meru, tofauti imetamkwa wazi, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa.

Wako watakaosema kwamba jina si hoja, hoja ni elimu. Maneno hayo ni rahisi kwa aliyekwisha kuajiriwa. Mwambieni mkulima wa korosho wa Nachingwea, ambaye mwanawe ameomba nafasi katika chuo cha binafsi akidhani ni cha Serikali, na ada imekwisha kulipwa. Mwambieni kijana ambaye cheti chake kimecheleweshwa kwa sababu barua ya uhakiki imepelekwa kwenye chuo kisicho chake. Isitoshe, msajili wa makampuni hukataa jina lililokwisha kuchukuliwa na kampuni nyingine. Je, sabuni ilindwe jina lake kuliko shahada?

Tunasema basi kwamba yafaa mambo matatu yafanywe. Kwanza, Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza linalosimamia vyuo vya ufundi wakae pamoja, na wasikubali jina jipya wala kifupi kipya kinachofanana na cha chuo kingine, na wawatazame pia majirani zetu wa Jumuiya. Pili, kila chuo kiwe na jina rasmi la Kiswahili lenye kutaja mahali, nalo liandikwe juu ya cheti kwa herufi zisizo ndogo kuliko za Kiingereza. Tatu, maofisa wa Serikali na walimu wakuu wakatae kupokea vifupi katika fomu na barua; waagize jina kamili na mji.

Jambo hili la tatu halingoji sheria wala kikao. Kila msomaji mwenye meza ya ofisi anaweza kulianza kesho asubuhi.