Kila Dereva Akikanyaga Breki, Kuna Mafuta Yanamwagika

Wasee, nauli ikipanda tunalaumu bei ya dizeli. Sawa. Lakini hakuna mtu anauliza hiyo dizeli huenda wapi. Mimi nasema nyingi inaishia kwa breki.

Tupige hesabu. Chukua basi la tani 12 likienda kilomita 50 kwa saa. Nishati iliyo ndani ya huo mwendo ni kama megajuli 1.2. Kulifikisha hapo, injini inachoma karibu mililita 90 za dizeli, juu sehemu kubwa ya mafuta hupotea kama joto. Halafu abiria anaitisha stegi, dereva anakanyaga breki, na nishati yote inaenda na hewa. Rudia hivyo mara 11, lita moja imeisha. Na bado uko Jogoo Road.

Kuna dawa ya zamani ambayo hatuiongelei: flaiwili. Ni gurudumu zito linalozunguka ndani ya kasha. Dereva akitaka kusimama, mwendo wa basi unapelekwa kwa hilo gurudumu kupitia gia, nalo linaongeza kasi. Akiondoka, linarudisha nguvu kwa matairi. Si yote inarudi, lakini injini inapumzika pale ambapo ingekunywa zaidi.

Na hii si ndoto. Kampuni ya Oerlikon ya Uswisi ilitengeneza gyrobus, basi lililotembea kwa flaiwili ya tani 1.5 iliyochajiwa kwa stima vituoni. Mabasi 12 ya aina hiyo yalibeba watu Léopoldville, Kinshasa ya leo, kati ya 1955 na 1959. Ndio, hapa hapa Afrika. Mwaka 2012 Audi ilishinda mbio za Le Mans na gari lililohifadhi nguvu ya breki kwa flaiwili ya Williams, wale wa Formula 1. Mwaka 2014 kampuni ya Go-Ahead ikaagiza mifumo 500 yenye asili hiyo kwa mabasi yake Uingereza. Hiyo ya Williams ilipitisha nguvu kwa umeme. Flybrid, pia ya Uingereza, ikatumia gia na klachi tu, bila betri kubwa.

Najua kuna mtu atasema, "Si mabasi ya umeme yanafanya hivyo tayari?" Kweli, na nayapenda. Lakini angalia stegi yako leo asubuhi: dizeli ni ngapi, umeme ni ngapi? Hayo ya dizeli hayaendi popote hivi karibuni. Kuyafungia kifaa cha kuokota nguvu ni tofauti kabisa na kununua basi jipya.

Tusidanganyane pia. Flaiwili haifai kila mahali. Trela ya tani 40 ikishuka kimo cha mita 100 hutoa karibu megajuli 39, zaidi ya mara 30 ya lile basi letu. Flaiwili ya basi ingejaa mapema sana, halafu breki zibaki na kazi yote. Kwa hivyo usiipeleke kwa mteremko mrefu. Ipeleke kwa basi la mtaa na lori la taka, magari mazito yanayosimama kila dakika. Na kasha liwe imara, juu gurudumu likipasuka kwa kasi hiyo, hakuna mchezo.

Kinachoniuma ni hiki: mwenye nganya anamwaga doo kwa spika, taa na graffiti, lakini haulizi ni lita ngapi breki zinakula. Wanafunzi wa uhandisi nao wanafunga mradi wa mwisho kwa apu nyingine ya kuitisha chakula. Gia, klachi na beringi tunazijua. Chuo kimoja na sacco moja wakichukua basi moja, ruti moja, wapime mafuta kabla na baada, tutakuwa na namba zetu wenyewe.

Nani yuko tayari kutoa basi?