Mifano Mitano Si Uthibitisho

Mwanafunzi ajaribuye kanuni kwa mifano mitatu na kuiona inakubali, mara huandika kwamba imethibitika. Mazoea haya hayana budi kukomeshwa, na namba 4,294,967,297 ni shahidi wa kutosha.

Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat alizichunguza namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Hupatikana kwa kuipa 2 vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kuongeza 1. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akaamini kwamba zote zifuatazo ni tasa pia, ingawa mwaka 1640 alikiri kuwa uthibitisho hakuwa nao. Inayofuata, kipeo kikiwa 32, ndiyo 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba hiyo ni zao la 641 na 6,700,417.

Yafaa walimu wawape wanafunzi kuzidisha huko wakufanye kwa kalamu na karatasi. Ikiwa bingwa yule alipotoshwa na mifano mitano, mwanafunzi ataitegemeaje mitatu? Alama na zitolewe kwa hoja, wala si kwa wingi wa mifano.