Acheni Kutudanganya na "Asili"

Kuna kilio ambacho sasa kimekuwa biashara. Kila deli ya Kiyahudi inapofungwa mjini New York, waandishi wa magazeti wanajitokeza na leso: jamani, asili imekufa! Walilia mwaka 2012 ilipofungwa Stage Deli. Mwisho wa mwaka 2016 ikafungwa Carnegie Deli, wakalia tena. Mimi nasema hiyo asili wanayoililia haikuwahi kuwepo namna wanavyoisimulia, na nasema kilio hicho kinatuhusu sisi vijana tunaohangaika na kalamu kwa Kiswahili.

Kwanza tule, ndipo tugombane. Nilipokuwa nakaa kwa mjomba wangu Bronx nilipanda treni nikaenda Katz's, Mtaa wa Houston, duka lililoanza mwaka 1888. Mlangoni unapewa tiketi. Usiichezee! Kila unachoagiza kinaandikwa humo, unalipia wakati wa kutoka. Halafu unapanga foleni mbele ya mkataji mwenye kisu kirefu na pande la nyama linalofuka mvuke. Kabla hajakutengenezea chako anakuwekea kipande kwenye kisahani, uonje. Nyama yenyewe inaitwa pastrami. Ni ya ng'ombe, imelala siku nyingi kwenye maji ya chumvi na viungo, ikapakwa pilipili manga na giligilani, ikakaushwa kwa moshi, kisha ikalainishwa kwa mvuke. Inakatwa kwa mkono, inarundikwa katikati ya vipande viwili vya mkate wa rai, nafaka ya nchi za baridi, mpaka mdomo unashindwa kufunga. Inapakwa haradali, basi. Pembeni matango ya achari. Hakuna urembo wa majani. Nilikula mafuta yakanifika kwenye kiwiko, wala sikuona haya.

Haya, asili iko wapi hapo? Wayahudi zaidi ya milioni 2 waliingia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki kati ya miaka ya 1880 na mwaka 1924, sheria ilipowafungia mlango. Wengi walikuwa maskini wa kutupwa. Kwao walikula viazi, vitunguu, mkate mweusi na samaki wa chumvi. Nyama ilikuwa ya Sabato na sikukuu, tena kama ipo. Neno "delikatesen" lenyewe ni la Wajerumani, waliotangulia kufungua maduka ya aina hiyo mjini New York. Pastrami ililetwa na Wayahudi wa Romania, na jina lake lina ukoo na neno la Kituruki. Kule walikuwa wakitumia hata bata bukini. Marekani ng'ombe alikuwa rahisi, hasa nyama ya tumboni, basi wakahamia kwa ng'ombe. Kwa hiyo chakula hiki cha "mababu" wengi wa mababu hawakukila hivyo! Kimetungwa mjini, na watu waliobanana vyumbani, wanaoshona nguo kutwa, wanaotaka kitu cha moto cha kushiba.

Mzee mmoja niliyekaa naye meza moja hakupenda hoja hii. Alininong'oneza kwamba hata Katz's si deli halisi, kwa sababu inauza mkate wenye nyama na jibini, na sheria ya dini yao hairuhusu nyama kukutana na maziwa. Ni kweli, Katz's haijidai kuwa kosher. Anayeshika dini ana haki yake ya kukataa, na mimi mtoto wa Kiislamu naelewa vizuri sana mambo ya halali na haramu. Lakini sheria ya Mungu ni kitu kimoja, na asili ya mapishi ni kitu kingine. Watu wanazichanganya ili wakubwa wapate fimbo ya kuwachapia wadogo.

Fimbo hiyo naijua. Nilimpa mswada wa riwaya yangu bwana mmoja anayejua vitabu, akanirudishia na maneno: eti wahusika wangu hawana asili, wanakula chipsi mayai na kunywa soda, niwarudishe kijijini wakale ugali, ndipo fasihi itakuwa ya Kiafrika. Ugali wa nini, mzee wangu? Wa mahindi? Mahindi yametoka Amerika, yakavuka bahari na Wareno. Muhogo vilevile. Na chapati, ambayo bila hiyo Idd haijawa Idd, tumeipata kwa Wahindi. Hakuna anayeidai hati ya kuzaliwa.

Wayahudi wa New York angalau hawakuona aibu. Waliandika juu ya vijiduka vyao, wakavichekea, wakavipeleka kwenye sinema. Ile ya mwaka 1989, "When Harry Met Sally", watalii bado wanaitafuta meza yake hapo Katz's. Sisi kibanda cha chipsi kipo kila kona, usiku wa manane taa inawaka, mapenzi yanavunjikia pale, wizi unapangwa pale, mtu aliyefukuzwa kazi anakopeshwa sahani pale, halafu tunaambiwa si mahali pa riwaya.

Sura ya tatu inabaki. Chipsi zinabaki, na pilipili ya kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, na Mangi na daftari lake la madeni. Mhariri anayetaka kijiji atafute mswada mwingine.