Mlango wa Mahakama Usifungwe Mapema kwa Mnyonge



Maiti ikiisha kuletwa nyumbani, na turubai zikiisha kutandazwa uani, huja watu wa kila namna katika boma la mfiwa. Huja wachungaji na wanakwaya, huja waheshimiwa na bahasha zao. Na ikiwa marehemu aliuawa na gari, mara nyingi huja pia mtu mpole aliyevaa koti, mwenye karatasi moja na kidau cha wino. Husema amekuja kutoa pole. Mjane huweka kidole gumba, hupokea fedha za jeneza na za mchele, na kwa kidole hicho hicho huwa ametia sahihi kwamba hatadai tena neno lolote. Yeye adhani amepewa rambirambi, kumbe ameuza haki ya watoto wake.

Wako watakaouliza: gazeti la mageuzi na vyama vingi latafuta nini katika mambo ya fidia? Jibu letu ni jepesi. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, nia haikuwa kuongeza idadi ya bendera katika mikutano ya hadhara. Nia ilikuwa mwenye nguvu aweze kuulizwa na asiye na nguvu, naye alazimike kujibu. Mjane wa Borabu anayemwita mwenye lori mbele ya hakimu, au mama wa Ekerenyo anayeuliza kwa nini mwanawe alifia wodini, anafanya siasa hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Na ajali hazichagui. Marehemu George Anyona, aliyekuwa mbunge wa Kitutu Masaba, alivumilia kizuizi mwaka 1977 na gereza baada ya kukamatwa 1990, kisha barabara ikamwua Novemba 2003.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Aliyeumizwa kwa uzembe wa mtu binafsi au kampuni ana miaka 3 ya kufungua kesi. Warithi wa aliyeuawa nao wana miaka 3 tangu siku ya kifo. Lakini aliyeumizwa na Serikali, kwa gari lake au katika hospitali yake, amepewa miezi 12 tu! Ndivyo isemavyo Sheria ya Ukomo wa Muda kwa Mamlaka za Umma, Sura ya 39, sheria iliyo kongwe kuliko Katiba ya 2010 na kuliko hata kurejea kwa vyama vingi.

Fikirini wanawake wawili waliopasuliwa vibaya siku moja, mmoja katika hospitali ya kulipia, mwingine katika hospitali ya umma. Kosa ni lile lile na kovu ni lile lile, ila mwenye fedha amepewa miaka mitatu, na yule maskini, ambaye hana pengine pa kwenda ila hospitali ya umma, amepewa mmoja. Na mwaka wa mgonjwa ni mfupi sana. Miezi ya kwanza huisha kitandani, mingine huisha kwa kutafuta faili ambalo kila karani husema liko kwa mwenzake, na mingine kwa kuchanga nauli ya kwenda kwa wakili. Afikapo mahakamani huambiwa umechelewa. Hakuna aliyesema kwamba hakuumizwa.

Je, Katiba haisemi lolote? Yasema, tena kwa sauti. Kifungu cha 27 chatangaza usawa mbele ya sheria. Kifungu cha 46 champa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kufidiwa akidhurika kwa ubovu wake, na chataja waziwazi kwamba taasisi za umma zimo. Mwanamke mmoja wa Bungoma aliupitia mlango huo. Mwaka 2013 alijifungua sakafuni katika hospitali ya Serikali, akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Alikwenda Mahakama Kuu kwa ombi la kikatiba, na Machi 2018 akatunukiwa shilingi milioni 2.5. Twafurahi pamoja naye. Lakini ni wangapi watapata watetezi wa kuwafikisha huko?

Watu wetu wamekwenda mbali zaidi kuitafuta haki, wakarudi mikono mitupu. Wafanyakazi na jamaa zao 218, miongoni mwao Wakisii wengi, walioshambuliwa katika mashamba ya chai ya Unilever huko Kericho baada ya uchaguzi wa 2007, waliishtaki kampuni hiyo London wakisema haikuwalinda. Mahakama ya Rufaa ya huko iliwakatalia mwaka 2018, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kuwasikiliza. Wachuma chai wa James Finlay, waliodai migongo yao imeharibiwa na kazi, walikwenda Edinburgh. Mwaka 2023 kesi yao ilisimamishwa, wakaambiwa watumie kwanza utaratibu wa fidia ya wafanyakazi wa Kenya. Basi mlango ulio wazi ni lazima uwe hapa nyumbani, tena uwe mpana.

Ndugu zetu wengine kanisani huona haya kushtaki. Hukumbuka jinsi Mtume Paulo alivyowakemea Wakorintho kwa kupelekana mahakamani. Wasisahau kwamba Paulo huyo huyo, alipoona anaonewa, alikata rufaa kwa Kaisari. Wala hatuwageuzi wauguzi kuwa adui. Wengi wao huhudumia wodi nzima usiku kucha kwa mikono miwili. Lakini muuguzi aliyechoka na mama aliyefiwa wote wamedhulumiwa na yule yule aliyeacha kuajiri, na bila kesi hakuna atakayemwuliza.

Kwa hiyo twaomba kila kanisa la Nyamira liteue watu wawili wa kukaa na familia iliyopatwa na msiba wa namna hii. Waandike tarehe siku ile ile. Wanakili namba ya gari na jina la kampuni ya bima iliyo kwenye kibandiko cha kioo. Waombe nakala ya faili la hospitali kwa maandishi, kwa nguvu ya Kifungu cha 35. Malalamiko juu ya daktari yapelekwe kwa Baraza la Madaktari, nako si lazima kwenda na wakili. Na yule mwenye kidau cha wino aambiwe kwa upole aiache karatasi yake, isomwe kwanza na mwanasheria.

Lililobaki ni la Bunge. Tutawaandikia wabunge wa Mugirango Magharibi, Mugirango Kaskazini, Kitutu Masaba na Borabu, tukiwataka walete mswada wa kuifanya miezi 12 iwe miaka 3. Majibu yao tutayachapisha katika ukurasa huu, na asiyejibu tutalichapisha jina lake.