Ebola: Akili ya muuguzi na safari ya lori

KAMPALA – Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Uganda Septemba 20, 2022 uliwaambukiza wahudumu wa afya 19, na 7 kati yao walifariki. Mwingine ulitangazwa Januari 30, 2025, baada ya muuguzi wa hospitali ya Mulago kufariki.

Waliobaki kazini walibeba msiba wa wenzao, hofu ya kupeleka ugonjwa nyumbani na majirani wanaowakwepa. Msaada hauko mbali: Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko katika tarafa ya Nakawa. Lakini muuguzi anayeogopa kuitwa mwendawazimu haendi huko. Ni lazima huduma imfuate kazini.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji, hili si jambo la pembeni. Mwaka 2020, vipimo vya korona kwa madereva vilileta foleni ndefu za malori Malaba, mpakani, kwenye njia ya mizigo ya Mombasa inayoingia Kampala kupitia Nakawa. Mpimaji aliyechoka akili huchelewa au hukosea, na gharama humwangukia mwenye mzigo. Anayetaka mpaka ubaki wazi amtazame pia anayeulinda.